Kabla ya Kisu cha Jando, Ulizeni Habari za Moyo



Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani na shule zikifungwa mwezi wa Juni, ngoma huanza kusikika usiku kutoka Newala hadi Masasi, na wazazi huanza kuhesabu watoto wao: nani amefikia umri, nani asubiri mwaka ujao. Jando ni shule yetu ya kale. Mwandishi wa makala haya hana nia ya kulisema vibaya, na wale wanaotafuta hoja za kulifuta wasizitafute hapa. Ninalotaka kusema ni jambo moja. Katika kundi la wavulana wanaoingia kumbini huweza kuwamo mmoja ambaye damu yake si kama damu ya wenzake, naye hupelekwa mbele ya ngariba bila mtu mzima hata mmoja kuuliza.

Mtoto huyo si mgeni kwetu. Alizaliwa kama wengine, lakini baada ya miezi michache mama yake aliona midomo yake ikigeuka rangi ya zambarau kila alipolia. Alipoanza kutembea, alikwenda hatua chache kisha akachuchumaa, akapumzika, akainuka tena. Wenzake wakikimbiza mpira wa makaratasi, yeye yuko pembeni amekunja magoti. Ncha za vidole vyake zimenenepa kama vijiti vya kupigia ngoma. Kwa kuwa ngozi yetu ni nyeusi, wengi hawaoni lolote mpaka waangalie ulimi, fizi na kucha, na ni nani anayeangalia fizi za mtoto wa jirani? Maelezo ya kijijini hayakosekani: karogwa, au mama yake alivunja mwiko alipokuwa mjamzito, au ni mvivu tu. Mara nyingi mzigo wa lawama humwangukia mama.

Kuchuchumaa kule si uvivu hata kidogo. Anapokunja miguu, mishipa ya miguuni hubanwa, msukumo wa damu mwilini hupanda, na damu zaidi hulazimika kupita kwenye mapafu kuchukua hewa ya oksijeni. Mtoto amejigundulia dawa yake bila kufundishwa na mtu.

Maradhi ya moyo ya kuzaliwa nayo ni ya namna nyingi. Inakadiriwa kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 8 au 9 hivi huwa na kasoro fulani ya moyo. Kwa hesabu hiyo, parokia inayobatiza watoto wachanga 300 kwa mwaka ingetazamia wawili au watatu miongoni mwao. Walio wengi wana tundu tu, midomo yao haibadiliki rangi, na damu yao kwa kawaida haina shida kubwa ya kuganda, ingawa nao huchoka, hukohoa mara kwa mara na hawaongezeki uzito. Makala haya yahusu hasa ile sehemu ndogo ambayo midomo yao hugeuka rangi. Kasoro inayojulikana zaidi katika kundi hili ilielezwa kwa ukamilifu mwaka 1888 na daktari Mfaransa aitwaye Fallot, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya kwenda kwenye mapafu ni nyembamba. Damu isiyo na oksijeni, ikikuta njia ya mapafu imebana, hupenya tunduni na kurudi mwilini kama ilivyokuja.

Sasa tufuate damu yenyewe, maana hapo ndipo penye jambo. Figo zinapohisi kwamba oksijeni ni haba, hutoa amri kwenye uboho wa mifupa: tengeneza chembe nyekundu zaidi. Uboho hutii. Mwezi baada ya mwezi chembe huongezeka, mpaka damu ya mtoto inakuwa nzito kama uji uliozidishwa unga. Kwa mtu wa kawaida, chembe nyekundu huchukua chini ya nusu ya ujazo wa damu; kwa watoto hawa huweza kupita asilimia 60, na majimaji ya damu yakabaki machache.

Mtu akisikia damu nzito hudhani kwamba mtoto huyu akikatwa ataacha kutoka damu upesi kuliko wengine. Sivyo. Vitu vinavyogandisha damu vimo ndani ya yale majimaji yaliyopungua, na chembe sahani, zile ndogo zinazokimbilia kwenye jeraha kuliziba, kwa watoto hawa mara nyingi huwa chache na dhaifu. Kwa hiyo mtoto yule yule ana hatari mbili zinazoonekana kupingana. Ndani ya mishipa damu yake huelekea kuganda mahali isipotakiwa kuganda, na kwenye jeraha huendelea kutoka pale ilipotakiwa kukoma. Tena kuna la tatu. Kwetu sisi, donge dogo la damu likitoka mguuni hunaswa kwenye mapafu kabla ya kufika mbali. Kwake yeye, donge hilo laweza kupita tunduni na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu huweza kuamka asubuhi upande mmoja wa mwili umepooza. Kijijini tunaita kiharusi ugonjwa wa wazee, na tukikiona kwa mtoto tunakimbilia kwa mganga wa ramli.

Hapa hali ya nchi yetu inaingia. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaokunywa mvua yote. Wazee wetu walikijua kibuyu cha maji kilichopandishwa kwa kichwa kutoka bondeni, na ijapokuwa mradi wa maji wa Makonde ulianzishwa tangu miaka ya 1950, hakuna mtu wa Newala anayehitaji kuelezwa maana ya ndoo ya maji mwezi wa Septemba. Kwa mtoto mwenye damu nzito, kukosa maji ni hatari ya namna nyingine kabisa. Akiharisha siku moja, au akishikwa na homa ya malaria na kutapika, yale majimaji machache aliyo nayo hupungua tena, damu huzidi kuwa nzito, na donge hujifanya. Mtoto mwingine wa kuharisha twaweza kumpa maji ya chumvi na sukari na kungoja kesho. Huyu hangoji kesho. Mnaposimama katika mikutano ya kijiji kudai maji, kumbukeni kwamba kuna watoto ambao kwao bomba lililokauka huweza kuwa chanzo cha kiharusi.

Jambo jingine huwapotosha hata waliosoma. Niliwahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja na kumsikia mama akielezwa kwa furaha kwamba damu ya mwanawe ni nyingi, gramu 12, hana upungufu wowote. Kwa mtoto mzima ni kweli. Kwa mtoto ambaye midomo yake ni ya zambarau, gramu 12 ni upungufu. Mwili wake ulihitaji kuwa na 16 au zaidi ili kufidia oksijeni, na umeshindwa kwa sababu hauna madini ya chuma. Minyoo ya safura, malaria na chakula cha muhogo bila maharage wala dagaa vimeyamaliza. Upungufu huo wa chuma kwa watoto wadogo wa namna hii unahusishwa na kiharusi. Basi fikirini madhara ya wale wanaomwumika mtoto ili damu chafu itoke: kila pembe ya kuumikia inaondoka na chuma ambacho hakirudi kwa urahisi. Zamani hata hospitali za nchi tajiri zilikuwa na desturi ya kuwapunguza damu wagonjwa hawa kila mara. Madaktari wameiacha kama desturi ya kawaida. Wala mzazi asikimbilie dukani kununua dawa ya kuongeza damu, kwani ikizidi huifanya damu iwe nzito zaidi. Chuma hupewa kwa kipimo, na daktari aangalie.

Nirudi kwenye kisu. Mtoto wetu hukutana na kisu mara nyingi kuliko tunavyodhani. Akikohoa sana, yuko bibi atakayesema akatwe kimeo. Jino likioza, hung'olewa. Akidhoofika, huchanjwa na kupakwa dawa. Wasichana wenye ugonjwa huu nao, wakivunja ungo, baadhi yao hutokwa na damu ya mwezi kupita kiasi na huona haya kusema. Lakini jando ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu huunganisha hatari zote siku moja. Kuna jeraha lisiloacha kutoka damu. Kuna maumivu na kilio, ambavyo kwa mtoto mwenye kasoro ya Fallot huweza kuibana kabisa njia ya mapafu, akageuka buluu na kuzimia. Kuna vijidudu vinavyoweza kuingia kwenye damu na kufika kwenye moyo au ubongo. Na kama kumbini kuna mwiko wa kunywa maji mpaka kidonda kikauke, basi na ule uzito wa damu nao unaongezwa. Bila upasuaji, karibu nusu ya watoto wenye kasoro hiyo hufa katika miaka michache ya kwanza ya maisha. Anayefikia umri wa jando amekwisha kushinda vita vingi peke yake.

Najua kwamba baadhi yenu mtasema: mambo ya kumbini hayazungumzwi kanisani. Historia yenu yasema vingine. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi tangu mwaka 1926, hakulikimbia jando. Alilichukua, akakaa na wazee, na likafanyika chini ya ulezi wa kanisa, jambo lililozungumzwa mbali nje ya Tanganyika. Na hapo Lulindi alifika mwaka 1935 daktari mpasuaji Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa taifa letu huru. Tukiwa na urithi wa namna hiyo, hatuna sababu ya kuona haya kukaa na ngariba na mzee wa kumbi na kuzungumza nao juu ya watoto wachache.

Ninachopendekeza si kumzuia mvulana huyu asiingie jandoni. Hilo lingekuwa adhabu juu ya adhabu. Sote twajua mvulana asiyepita jando anavyotajwa, na jina hilo humfuata mpaka ukubwani. Mwacheni aingie na rika lake, apewe jina lake, asikie mafunzo yote na nyimbo zote. Lakini kutahiriwa kwake kungoje, kufanyike hospitalini baada ya moyo kutazamwa na daktari kutoa ruhusa. Wazee wa kumbi ni watu wenye busara. Wamekwisha kubadili mengi, ukiwamo wembe mmoja kwa kila mtoto, tangu UKIMWI ulipotufundisha kwa uchungu. Hili nalo wataliweza wakielezwa kwa heshima na si kwa amri.

Na kumtambua si kazi ya bingwa. Mama aulizwe maswali mepesi: je, mtoto huchuchumaa anapocheza? Je, midomo hubadilika rangi akilia? Je, alipokuwa mchanga alitoka jasho na kuchoka akinyonya? Je, jeraha dogo humtoka damu muda mrefu? Kisha kuna kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho wengi wetu tulikijua wakati wa UVIKO-19. Kwa mtoto mzima husoma 95 au zaidi. Kikisoma chini ya 90, na vidole vina joto, mtoto huyo asikatwe na mtu yeyote mpaka aonwe na daktari. Lakini namba nzuri isiwafunge macho. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kifaa hicho huweza kusoma juu ya ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kama mama anasema mwanawe anageuka rangi, aaminiwe mama.

Hata maabara ina mtego wake, na nautaja kwa ajili ya ndugu zetu wauguzi na wataalamu wa maabara walio waamini wa parokia hizi. Kichupa cha kupimia kuganda kwa damu huja na kiasi maalumu cha dawa ya sitreti, kilichopimwa kwa damu ya kawaida. Damu ya mtoto huyu ina majimaji machache, kwa hiyo dawa huwa nyingi mno, na kipimo huonyesha kwamba damu haigandi kabisa hata pale ambapo kasoro ni ndogo. Kiasi cha dawa hupaswa kupunguzwa kwanza. Na anapowekewa dripu, mapovu ya hewa yaondolewe yote kwenye mpira, kwa maana hata povu dogo laweza kupita tunduni na kufika kwenye ubongo.

Tiba ipo. Njia ya kuwasaidia watoto hawa kwa kisu cha daktari ilifunguliwa tarehe 29 Novemba 1944 katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani. Daktari Helen Taussig alitoa wazo, Alfred Blalock alipasua, na nyuma yake alisimama Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyeitengeneza mbinu hiyo katika maabara na kumwelekeza mpasuaji hatua kwa hatua. Miaka mingi ilipita kabla jina lake kutajwa hadharani. Kwetu, upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inayopasua watoto. Siku zile ambapo tumaini pekee lilikuwa ndege ya kwenda India zimepita.

Lakini kutoka Masasi hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 600, na kutoka Newala ni zaidi. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lenye jina la mwana wa Lupaso na kufunguliwa mwaka 2003, limetuondolea adha ya kivuko, halikutuondolea nauli. Mama atahitaji nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala kwa majuma, chakula, na mtu wa kubaki na watoto wengine. Ugonjwa huzidi wakati wa kiangazi, na fedha za korosho hazijaingia. Atafanya nini? Atauza korosho zilizo bado juu ya mti kwa kangomba, kwa bei ya kumnyonya, na msimu ukifika hatakuwa na kitu. Hivyo ugonjwa wa mtoto mmoja hugeuka njaa ya kaya nzima kwa miaka miwili. Hili ndilo linaloufanya ugonjwa wa moyo kuwa jambo la Tume ya Haki na Amani na si la hospitali peke yake. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Viongozi wetu wasome sheria hiyo na kuuliza katika vikao vya halmashauri: kaya isiyo na uwezo itatambuliwaje hapa kwetu, na nani ataiandika? Bima nayo hulipa hospitali, haimlipii mama chumba cha kulala. Hapo parokia yaweza kufanya jambo, kwa kuandikiana na parokia za Dar es Salaam ili mama apokewe nyumbani kwa muumini.

Upasuaji ukishafanyika, habari ya damu haijaisha. Watoto wengine hurudi na aspirini ya kila siku ili njia mpya ya damu isizibe. Wachache waliowekewa mlango wa bandia wa chuma katika moyo hurudi na warfarini, dawa inayohitaji kupimwa damu mara kwa mara: ikipungua donge hujifanya, ikizidi mtoto hutokwa na damu. Mboga za majani kama kisamvu huipunguza nguvu dawa hiyo, kwa hiyo mama asikatazwe kisamvu, ila afundishwe kumpa kwa kiasi kile kile kila juma badala ya sufuria zima leo na kutompa kabisa kesho. Vidonge vya maumivu vya dukani kama diklofenaki na ibuprofeni asipewe bila daktari kusema. Wala mtu asimwachishe dawa kwa sababu mtoto sasa anakimbia na wenzake. Anakimbia kwa sababu ametibiwa, na dawa ni sehemu ya tiba hiyo. Kipimo cha warfarini kinapatikana wapi karibu na sisi, na kwa siku zipi? Hilo ni swali la haki kabisa kuulizwa kwa barua na kikundi cha waamini kwa mganga mkuu wa wilaya, na jibu lake lisomwe kanisani baada ya matangazo.

Muda wenyewe si mrefu. Katika vikao vya Jumuiya Ndogo Ndogo mwezi wa Mei, kabla ya ngoma kuanza, kila mwenyekiti aulize ni kaya ipi yenye mtoto anayechuchumaa au anayebadilika rangi. Aulize kwa upole, na pengine ni bora kina mama wa WAWATA waulize, kwani mama aliyelaumiwa miaka mingi hatasimama mbele ya wanaume kusema. Ulizeni pia nyumba za majirani zetu Waislamu. Kumbi ni moja. Majina yapelekwe kwa mganga wa zahanati, na wawili kati yenu wamsindikize mzazi kwenda Mkomaindo, Ndanda, au hospitali ya wilaya Newala, wakiwa na chupa ya maji ya kunywa ya mtoto njiani.

Kisha wazee wawili waende kwa ngariba.